Uzoefu wangu: prodyuza aliyeyaziba mdomo malimba yangu Masasi

Jamani, kabla hamjampa mtu advansi aje kuwarekodia albamu ya injili, nisikilizeni kwanza.

Napiga malimba, yale ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Hela ya kurekodi ni ya korosho, jasho la msimu mzima. Nilitaka tufanyie ndani ya kanisa kongwe la misheni kwa ajili ya ule mwangwi: ukigusa chuma kimoja, sauti inapanda juu, inazunguka, inakurudia imenenepa. Padri akakubali, kwaya ya akina mama ikakubali. Prodyuza tukamwita kutoka mjini na mitambo yake.

Kitu cha kwanza, akaziba madirisha kwa mablanketi ati auondoe mwangwi. Nikanyamaza. Halafu akayachukua malimba mikononi mwangu bila hata hodi, akatoa selotepu, akaanza kuvibandika vile vipete vya waya vilivyozungushiwa kwenye kila chuma. Vipete vile ndivyo vinavyotoa mvumo kama wa nyuki. Ukivinyamazisha, malimba yanagonga tu, hayaimbi. Mzee aliyenifundisha alikuwa anavikaza kimoja kimoja kwa meno. Huyu akaniambia, mbele ya kwaya nzima, "Mzee wangu, haya makelele ya bati yataharibu wimbo."

Makelele! Kwenye misheni iliyoanza 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watumwa waliokombolewa! Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi hii tangu 1926, hakulipiga marufuku jando, alilipa nafasi ndani ya Ukristo. Mzungu wa enzi zile alivumilia jando zima, na wewe mtoto wa Kusini unashindwa na vipete vya waya?

Nyimbo zilivyorudi, nilichoka. Biti ya kinanda imejazwa chini, sauti yangu imepitishwa mtamboni mpaka mke wangu akauliza ni nani anaimba. Akina mama wamesukumwa huko nyuma kabisa.

Ila nisimdhulumu. Upo wimbo mmoja wa Kimakua tulioimba jioni umeme umekatika. Yeye alikuwa nje anaongea na simu, mablanketi yameshashushwa, selotepu nimeshaibandua. Kijana wake msaidizi akaacha mashine ya betri iendelee. Mungu ni shahidi, nikiusikiliza nalia. Unamsikia hata mama mmoja akivuta pumzi kabla ya kiitikio, na mwangwi umekaa palepale unapotakiwa. Kwa hiyo mitambo ni mizuri, na yule kijana ana masikio. Nilikuwa nimeshaamua kuandika msiwakaribie kabisa. Nikalegea, nikasema mwiteni kijana peke yake.

Sasa juzi nimeomba nipewe sauti za nyimbo nyingine kama zilivyorekodiwa, kabla hajazichezea. Bosi ananijibu niongeze hela. Sauti yangu, kwaya yetu, kanisa letu, halafu nizinunue kwake! Hapana, hapo nimefika mwisho. Msimpe hata shilingi kabla hajaandika na kusaini kwamba sauti mbichi zote ni zenu. Mimi nyimbo zangu bado anazo.