CA 19-9 katika maabara za Kampala: kipimo kizuri kinachouzwa kwa kazi isiyo yake

Ukiingia maabara ya binafsi mjini Kampala ukaomba uchunguzi wa mwili mzima, usishangae kuonyeshwa pakeji yenye "vipimo vya saratani", na ndani yake CA 19-9, kipimo cha damu kinachohusishwa na kongosho. Kinavutia kwa sababu ni sindano moja, huhitaji kulala na njaa, na majibu hayakawii. Hukumu yetu ni hii: kama huna dalili yoyote, usikinunue. Kama mgonjwa ameshathibitika kuwa na saratani ya kongosho, hapo kinalipa kila shilingi.

Kinachotafutwa ni sukari ya aina fulani ambayo seli za kongosho na za mirija ya nyongo huimwaga kwenye damu. Kikomo cha kawaida ni 37 U/mL. Kwa watu wenye dalili kinawanasa wagonjwa takriban 8 kati ya 10. Wauzaji huishia hapo, lakini kwa wasio na dalili mambo hugeuka. Korea Kusini walipima watu 70,940 wasiokuwa na malalamiko yoyote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Watu 1,063 walikutwa juu ya kikomo. Waliokuwa na saratani ya kongosho ni 4. Wachache wengine walikuwa na saratani za viungo vingine, na waliobaki walibebeshwa hofu na gharama za picha bure. Ndiyo maana jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema tena mwaka 2019 kwamba watu wazima wasio na dalili wasichunguzwe saratani hii. Wanaostahili kufuatiliwa ni wenye ukoo ulioandamwa nayo au wenye kasoro za jeni kama BRCA2, na hao hufuatiliwa kwa MRI au ultrasaundi ya ndani kwa kamera. Damu peke yake haitoshi.

Kuna kasoro nyingine ambayo kwa Afrika haifai kupuuzwa. Ili mwili utengeneze sukari hiyo, lazima mtu awe na kundi la damu la Lewis. Asiye nalo hatoi CA 19-9 hata uvimbe ukiwa mkubwa. Kwa wazungu wa Marekani watu wa namna hiyo ni kama 6 kwa 100. Kwa Wamarekani weusi ni kama 22 kwa 100. Kwa hiyo jibu linalosoma chini ya 2 U/mL halimaanishi "uko salama kabisa". Huenda linamaanisha kipimo hakimfai mtu huyu, na daktari ageukie vipimo vingine vya damu vya saratani, CEA au CA 125.

Upande wa pili ni majibu yanayopanda bila saratani. Tuseme karatasi inasoma hivi: CA 19-9 ni 640, bilirubini ya jumla (rangi ya njano ya nyongo) ni 230 µmol/L, ALP (kimeng'enya cha ini na mirija ya nyongo) imepanda mara nne. Mwenye haraka ataanza kuwaita ndugu. Lakini nyongo ikiziba, hata kwa jiwe tu, CA 19-9 hurundikana na inaweza kufika mamia, na kukiwa na maambukizi kwenye mirija inaweza kupita elfu. Namba kama hiyo isisomwe peke yake. Nyongo ifunguliwe kwanza, bilirubini ishuke ikaribie kawaida, ndipo damu irudiwe. Ikishuka sambamba na bilirubini, jiwe ndilo mshukiwa wa kwanza; ikigoma kushuka, wasiwasi unaongezeka. Ini lililosinyaa kwa homa ya ini B, kongosho lililovimba, kisukari kisichodhibitiwa na uvimbe wa maji kwenye ovari pia huipandisha kidogo.

Kwenye dirisha la kutolea damu, makosa ni madogo lakini yanaharibu kazi. Mate yana CA 19-9 nyingi mno, kwa hiyo fundi anayeongea au kukohoa juu ya chupa iliyo wazi anaweza kuharibu sampuli. Chupa ikae na kifuniko, barakoa ivaliwe. Damu iachwe igande kama nusu saa kabla ya kuzungushwa, kisha seramu, yaani maji yanayobaki juu ya damu iliyoganda, itenganishwe. Sampuli inayotoka Gulu au Arua kuja Kampala isafiri kama seramu kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isiwe damu nzima iliyolala garini. Tena, anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini aseme mapema, kwa maana baadhi ya mashine hudanganywa na biotini na kutoa jibu la chini kuliko ukweli. Fomu nyingi hazina hata mstari wa kuuliza hilo.

Basi pesa iende wapi? Kama macho yamekuwa manjano, mkojo ni kama chai ya rangi, kinyesi kimepauka, mwili unawasha, au mtu wa zaidi ya miaka 50 amepata kisukari ghafla huku anapungua uzito, weka akiba yako kwenye CT, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka. Vilevile maumivu ya chembe yanayopenya hadi mgongoni na hayasikii omeprazole. Hapa ndipo muda mwingi hupotea: mgonjwa anatibiwa vidonda vya tumbo miezi na miezi. Ultrasaundi ya kawaida inafaa kuanzia, hasa kuona mirija iliyotanuka, lakini gesi ya utumbo hufunika mkia wa kongosho, na ripoti ya "kongosho halikuonekana vizuri" si sawa na "kongosho ni zima".

Na si kila CT. Kwenye fomu iandikwe waziwazi: CT ya kongosho, awamu mbili. Picha ya kwanza ipigwe sekunde 40 hadi 50 baada ya dawa ya mshipani kuanza kuingia, wakati kongosho linang'aa na uvimbe unabaki mweusi. Ya pili sekunde 65 hadi 70, kuangalia ini na mishipa. Vipande viwe vya milimita 3 au chini. Mgonjwa anywe maji ya kawaida, asinyweshwe dawa nyeupe inayoficha ukuta wa utumbo. Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla. Picha ipigwe kabla ya kuwekewa stenti ya nyongo (kijibomba cha kufungua mrija ulioziba), maana stenti huleta uvimbe na vivuli vinavyomchanganya daktari wa upasuaji. Mwisho dai CD yenye picha zote. Filamu zilizochapishwa hazimtoshi yule atakayeamua kama mishipa imeguswa, na usipokuwa na CD huenda ukalipia CT ya pili.

Turudi kwa CA 19-9 mahali pake. Kwa mgonjwa anayetibiwa, tuseme katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, kipimo kichukuliwe kabla ya matibabu (nyongo ikiwa imeshafunguka), baada ya upasuaji, kisha kila baada ya mwezi 1 hadi 3 wakati wa dawa. Namba ya mwanzo nayo inasema kitu: ikizidi 500 bila manjano, madaktari wengi huona heri kuanza na dawa kabla ya kisu, hata kama CT inaonyesha uvimbe unaweza kutolewa. Dawa zenyewe zimesogea mbele. Mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX mwaka 2011 ulionyesha wastani wa kuishi miezi 11.1 dhidi ya 6.8 ya dawa moja ya gemcitabine kwa ugonjwa uliosambaa. Mwaka 2018, toleo lake lililorekebishwa, likitolewa baada ya upasuaji, lilifikisha miezi 54.4 dhidi ya 35.0. Ni dawa nzito, si za kila mgonjwa, na ndiyo sababu unahitaji kujua mapema kama zinafanya kazi.

Tumia maabara ileile na mashine ileile. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba zisizolingana kwa damu ileile, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Usibadilishe dawa kwa namba moja iliyopanda. Rudia, angalia bilirubini, piga CT.

Kuhusu vipimo vipya: Februari 2025 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha kipimo cha PAC-MANN kinachotumia mikrolita 8 tu za damu. Kilinasa 73% ya wagonjwa na kuwatambua kwa usahihi 98% ya wasio na ugonjwa. Kikiunganishwa na CA 19-9 kilinasa 85% ya walio hatua ya kwanza. Kilichapishwa kikiwa bado cha utafiti. Ukiambiwa maabarani kwamba kuna "kipimo kipya cha damu cha kongosho", omba jina lake kwa maandishi. Likiwa CA 19-9, yote ya hapo juu yanakihusu.