Hilux ya IFS (kila tairi la mbele linacheza peke yake) unataka kuitia ekseli solidi mbele? Nunua kwa mpangilio huu

Wakuu, kabla hujamtumia dalali hata shilingi, tandika boksi ulale chini ya gari lako. Angalia propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu toka gia boksi hadi ekseli) inatokea upande gani. Kwenye Toyota hizi inatokea kulia, maana yake ekseli unayotafuta difu yake (kibuyu cha gia kinachogawa nguvu kwa tairi mbili) lazima iwe kulia, na hapo ushafuta ekseli kibao ambazo mtu atakwambia "hii inaingia bosi wangu, tunachomelea tu". Ya Jeep Cherokee ya zamani kwa mfano difu iko kushoto. Haingii, achana nayo hata ukipewa bure.

Naongelea Hilux za tosheni bari mbele (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi), zile za miaka ya 90 mpaka 2005, na Surf LN130. Barabarani IFS ni tamu, sina ugomvi nayo. Shida inaanza ukishainyanyua gari ili tairi kubwa lipite, sivi shafti (zinazopeleka nguvu toka difu hadi tairi) zinakaa kwa pembe kali, mpira unachanika, mchanga unaingia, jointi inaanza kulia tak tak tak ukikata kona, na siku unayoihitaji kwenye korongo ndo inakatika. Ekseli solidi ni bomba moja toka tairi hadi tairi, ukipanda jiwe kushoto kulia kunashuka, tairi zinabaki chini zinashika.

Sasa kitu ambacho watu hawakwambii, ekseli yenyewe ndo bei rahisi. Mimi yangu ilikula kama theluthi tu ya hela yote, iliyobaki imeenda kwenye steringi, mabano, mipira ya breki mirefu, propela na kurudia kazi iliyoharibika. Kwa hiyo mpangilio wangu haufuati ekseli ipi ngumu zaidi, unafuata ipi itakuachia kazi ndogo ya steringi.

Kabla ya namba moja: usibadilishe, uza.
Najua hukuja kusikia hili. Lakini Toyota walileta kwetu Hilux LN106 ambayo imetoka kiwandani na ekseli solidi na springi za majani mbele, wakati Marekani walishaweka IFS tangu 1986. Ukipata LN106 ambayo chesisi haijaliwa na kutu, uza yako, ongeza hela, maliza. Au Land Cruiser 79 kama mfuko unaruhusu. Ukiwa umeipenda hiyo uliyonayo, au injini yake ndo kwanza umeifanyia ovaholi, endelea kusoma.

1. Ekseli ya LN106, lakini nunua na kila kitu chake
Narudia, na kila kitu chake. Springi, sheko (vishikio vya mwisho wa springi), yubolti, dragilinki (fimbo ya steringi inayosukuma tairi), steringi boksi, pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi hiyo), mpaka mabano ya kwenye chesisi kama muuzaji anakubali kukata na grainda. Ukikuta wanaochinja gari zima ndo bahati yako. Sababu ni kwamba steringi boksi ya IFS pitmani yake inacheza kushoto na kulia, ya gari la ekseli solidi inasukuma mbele na nyuma kwenda kwenye nako (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachokata tairi) la upande ule ule. Ukichanganya bila kujua utaishia kutengeneza dragilinki ya ajabu ambayo kila ukipita shimo usukani unazunguka wenyewe. Boksi ya IFS inaweza kubaki, ila hapo ununue arm za juu za nako ili dragilinki ivuke mpaka upande wa pili ikiwa imelala, isiwe imeinama.

Nati 6 kwa 139.7 (nati sita za tairi kwenye duara la milimita 139.7), rim zako zinaingia. Udhaifu wake ni jointi za ndani ya nako, ukiweka tairi la inchi 35 na loki (kifaa cha kufunga difu tairi zote mbili zizunguke pamoja) utazivunja, zipo za chuma kigumu zinaagizwa Marekani. Kwa inchi 31 au 33 na dereva mwenye busara hazina neno.

2. Land Cruiser 75 ya springi za majani
Yaani HZJ75 na ndugu zake, kabla ya 1999. Nzito, ngumu, imebeba maaskari, wagonjwa na magunia ya mahindi Afrika nzima, na bado ni nati 6. Imekuwa ya pili kwa sababu ni chuma kingi kwa Hilux na nafasi za springi itabidi uzipime upya. Angalia sana mwaka: kuanzia 1999 mbele waliweka koili springi na nati zikawa 5 za 150, wauzaji wanachanganya zote wanaita "ya mkonga". Hesabu nati mwenyewe.

3. Land Cruiser 80
Hii ndo inayotamanisha, nakubali. Koili, inakaa laini, na pinioni yake ya mbele (gia ya difu inayofungwa propela) iko juu kwa hiyo propela inapona kwenye mawe. Ila ni pana, inazidi Hilux, matairi yatachomoza nje utafute fenda au ubadilishe na nyuma. Pinioni kuwa juu pia kunaisogeza karibu na sampu ya injini (bakuli la oili), bila mpira wa kuzuia utapasua sampu siku ya kwanza ya shimo la maana. Alafu kuna panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia), ambayo lazima iwe sambamba na dragilinki na urefu ukaribiane, zisipoelewana gari linacheza dansi kila tuta. Fundi wa kawaida wa kuchomelea hii kazi usimpe.

4. Nissan Patrol Y60
Chuma kweli kweli, waulize wa Oman na Dubai wanaozitesa kwenye michanga. Nati 6 kwa 139.7 vile vile. Lakini uwiano wa difu (propela inazunguka mara ngapi tairi lizunguke mara moja) lazima ulingane na wa nyuma, ukiwa na mbele 4.1 na nyuma 4.3 ukaweka fo-wili kwenye lami unavunja gia boksi, kwa hiyo mara nyingi unajikuta unanunua ekseli mbili. Na zinazokuja kwenye makontena toka Sharjah nyingi zimetoka kwenye gari za usukani wa kushoto, steringi yake imekaa kinyume na ya kwetu.

5. Kit nzima (seti ya vipuri vya kubadilishia) toka Marekani
Trail-Gear, Marlin Crawler, hao wote wako Fresno, California, na vitu vyao ni vizuri sana. Nimeviweka mwisho kwa sababu vimepangwa kwa usukani wa kushoto, na ekseli yenyewe kwa kawaida unatafuta mwenyewe. Agiza vipande vidogo vidogo kwao, arm za nako, mabano ya springi, usiagize boksi zima ukadhani ni kufunga boliti.

Sasa kasta (pembe ya nako kulalia nyuma ukilitazama gari ubavuni), maana hapa ndo nililia. Gereji ya kwanza walichomelea pedi za springi moja kwa moja gari likiwa juu ya stendi, springi hazijabeba kitu. Lilipotua chini uzito ukakaa, kasta ikawa karibu sifuri. Mjini poa tu. Nilipofika kilomita 80 kwa saa nikagonga kiraka cha lami, usukani ukaanza kutetemeka mpaka chupa ya maji ikaruka toka kwenye dashibodi, mikono yote miwili haitoshi, haikuacha mpaka niliposimama kabisa. Ilibidi kukata na kuanza upya. Sa wewe fanya hivi: shika kwa nukta tu za welding, shusha gari, weka injini na bampa zake zote, pima kasta iwe nyuzi 3 hadi 5, ndo uchomelee mazima.

Siku ya kununua, nenda na tochi, kitambaa na jeki. Fungua chini ya nako uchungulie grisi: ikiwa nzito nyeusi ni sawa, ikitiririka kama uji mwepesi sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza ni bering za nako au za tairi, sio ghali, shusha bei nazo. Mwisho nyanyua ekseli, propela ikiwa imeshikwa, uzungushe tairi moja: la pili likizunguka kinyume difu haijachomelewa, yakigoma kuzunguka ujue ina loki au kuna mtu alishaichomelea ndani, na muuzaji anajua.