Sonara wa Mwanjelwa: agiza kikombe, kinara subiri kwanza

Karakana hii ndogo ya Mwanjelwa, Mbeya, hufua vyombo vya ibada kwa oda, vya Kiyahudi vikiwemo. Tulivyokagua ni viwili: kikombe cha fedha cha Kidushi, yaani cha kubarikia divai Ijumaa jioni, na kinara cha shaba ya njano cha Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya usiku nane ambapo kila usiku huongezwa taa moja.

Kikombe ni kazi safi. Kimefuliwa kwa nyundo kutoka bati moja la duara la fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika 1000), hakina kiungo ubavuni. Nyundo huikakamaza fedha, kwa hiyo kila baada ya duru moja lazima irudi motoni hadi iwe nyekundu hafifu; fundi mwenye haraka huishia na mdomo uliopasuka. Hiki mdomo wake ni mzima. Kipimo cha chini cha divai kinachofuatwa na wengi ni mililita 86, nacho kinapita hapo. Pima kwa bomba la sindano kabla ya kulipa salio. Chini ya mguu kuna wingu la kijivu: shaba iliyochanganywa na fedha imeungua wakati wa kulehemu. Dawa ya kung'arishia hailitoi, ni msasa tu.

Kinara ndicho chenye mgogoro. Taa nane zinatakiwa ziwe kimo kimoja, na ya tisa, shamashi, ile ya kuwashia nyingine, ijitenge. Shamashi imekaa vizuri. Lakini vikombe viwili vya mwisho vimebanana. Mishumaa ikiwaka ndimi zinaungana, na anayetazama hajui ni usiku wa ngapi. Viungo navyo vina mabaka mekundu: moto ulizidi, zinki ikatoka, ikabaki shaba tupu. Dawa yake ni kuanza na lehemu ngumu, inayoyeyuka kwa moto mkali zaidi, kumalizia na laini, na boraksi, unga wa kusaidia lehemu itiririke, isipungue.

Mwenye karakana hufundisha pia, na wanafunzi huanzia kwenye shaba nyekundu. Busara, fedha si ya kujifunzia makosa. Kinachokosekana ni somo la herufi. Ludwig Wolpert, sonara aliyefundisha Bezalel, shule ya sanaa huko Yerusalemu, na kuanzia 1956 akaongoza karakana ya Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini New York, aliyafanya maandishi ya Kiebrania yenyewe kuwa pambo. Hapa yananakshiwa kwa kukisia. Ukitaka maandishi, peleka yaliyochapwa kwa ukubwa kamili: herufi dalet (ד) na resh (ר) zinatofautishwa na ncha ndogo ya kona, na msasa ukiila, neno limekuwa jingine.