Nimemaliza kopo zima la unga wa kulishia matumbawe laini, haya ndo niliyoyaona

Huu unga niliununua kwa pupa, nikiri tu. Sarcophyton yangu kwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, lile tumbawe la umbo la uyoga, ilijikunja siku tano polipu (vile vidole vyake vidogo) hazitoki, nikajua njaa. Kumbe wapi! Siku ya sita ikavua ngozi, utando kama nta ukabanduka ukaenda na maji, ikachanua kama hamna kilichotokea. Ndo inavyojisafisha. Ila kopo nishafungua, nikasema acha nijaribu.

Kibandiko kinataka kijiko kizima kila siku, na mi nikafuata wiki mbili. Aisee. Naitreti, ule uchafu unaobaki majini chakula kikioza, kipimo kutoka 5 kikapanda mpaka 40, mawe yakavaa utelezi mwekundu, skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) ikatema povu usiku kucha mpaka kikombe kikafurika sakafuni, nikabeba ndoo za maji ya chumvi mgongo ukaniambia ukweli. Wasichokwambia ni kwamba matumbawe laini mengi yana mwani mdogo sana anayeishi ndani ya mwili wake, taa ikiwaka huyo mwani anatengeneza sukari na tumbawe linakula humo humo, na kinyesi cha samaki nacho kinasaidia. Kwahiyo ukiwa na taa nzuri na samaki wawili watatu, unga ni nyongeza tu.

Sasa hivi naweka ncha ya kijiko mara mbili kwa wiki, nakoroga kwenye kikombe cha maji ya tangi lenyewe, nazima pampu dakika 10 hivi, alafu navuta na bomba la sindano (bila sindano jamani) napuliza pole pole. Hapo ndo raha ilipo. Discosoma, yule bapa kama sahani, ukimpulizia anakunja ukingo taratibu kama mfuko unaovutwa kamba, ukirudi baadae kashafunguka na unga haupo. Zoanthus, wale wadogo kama vifungo wanaokaa kwa kundi, baadhi wanafunga mdomo fasta, wengine hawana habari, na hao vaa glavu ukiwashika maana baadhi yao wana sumu kali. Xenia, tumbawe jingine laini, ndo hata hajui kama kuna chakula, yeye na fumba fumbua yake tu.

Kopo lenyewe baya, kifuniko kinapitisha unyevu na robo ya mwisho imekuwa jiwe nikaitupa. Na kibandiko wameweka picha ya Dendronephthya, yale ya rangi kali yasiyo na mwani ndani. Hayo yanategemea chakula tu na yanataka kula karibu muda wote, usidanganyike kwamba kijiko cha unga kitayaweka hai kwenye tangi la nyumbani.

Nyota 3 kati ya 5, kwa ajili ya Discosoma. Nitanunua tena ila lile kopo dogo.

Sarcophyton imejikunja tena tangu juzi, safari hii sijagusa kitu.