Lainingi za breki: kugundisha au kupiga ribiti?

Lori la Bedford la zamani, lile la kubebea magunia ya karafuu, lina breki za dramu, na vilima vya Pemba havina huruma. Lainingi, vile vipande vinavyosugua ndani ya dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) ili gari lisimame, zikilika, njia za kufunga mpya ni mbili.

Kugundisha kunavutia. Hakuna vichwa vya ribiti, vile vijisumari vya kugongea lainingi, basi lainingi huliwa karibu yote. Lakini gundi inataka kubanwa sawasawa na kuokwa kwa joto la kipimo, si la jiko la makaa. Tena kutu ikiingia chini yake, na hewa yetu ya chumvi haichelewi, kipande hubanduka kizima.

Mimi napiga ribiti. Kiatu, kile chuma cha upinde kinachobeba lainingi, nakibana kwenye jiliwa, naanzia katikati kwenda ncha ili lainingi ilale vizuri; hata karatasi ya gazeti isipenye kati yake na kiatu. Aibu yake ni moja: ukichelewa kubadilisha, vichwa huchora mifereji ndani ya dramu. Hapo utafute mtu mwenye mashine ya kuichonga, na ikichongwa kupita kipimo chake inaweza kupasuka.

Vumbi la lainingi kuukuu usilipulize, huenda lina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.