Nimepeleka oili chafu maabara mara nne, ikanilipa mara moja tu

Gari nililinunua likiwa limeshatumika: injini ya petroli, kilomita 140,000 na ushei, na historia ya servisi ilikuwa maneno ya aliyeniuzia. Lilikuwa linawaka vizuri, halitoi moshi, haligongi. Lakini gari la kununua kwa mtu hukuachia wasiwasi fulani, nami nikataka kujua kilichomo ndani ya injini bila kuifungua. Fundi wangu aliponiona nimekuja na kichupa cha kukingia oili ya kupeleka maabara alicheka. "Oili chafu ni oili chafu, kaka. Unaimwaga, yanaisha."

Kukinga sampuli ni kazi ndogo, ila ukiikosea majibu yote hayana maana. Injini iwe imepata moto sawasawa. Legeza nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, acha oili ya mwanzo ipite, kwa kuwa ndiyo inayoshuka na takataka za chini na vumbi la kuzunguka nati, kisha kinga katikati ya mkondo. Vaa glavu. Mimi sikuvaa, oili ikanirukia kidole gumba, na nusura kichupa kiingie kwenye beseni pamoja na kila kitu. Kwenye fomu andika kilomita ambazo oili hiyo imetembea, si za gari peke yake. Chuma kidogo kwenye oili ya kilomita 10,000 ni jambo la kawaida, kiasi kilekile kwenye oili ya kilomita 2,000 kinatisha.

Majibu yalikuja kama orodha ya metali, kila moja na idadi yake kwa kila sehemu milioni moja ya oili. Kila metali ina kwao: chuma hutoka kwenye silinda, kamshafti na gia, alumini mara nyingi kwenye pistoni, kromi kwenye ringi, risasi, bati na shaba kwenye beringi. Za beringi zilikuwa chini kabisa, nikashusha pumzi. Chuma 38, alumini 11. Kisha silikoni 46, imepigiwa mstari. Maoni ya maabara yalikuwa neno moja: "Fuatilia." Nifuatilie nini? Hawakusema, na nilipopiga simu aliyepokea alinisomea karatasi ileile niliyokuwa nayo mkononi.

Fundi alikuwa na jibu. Kifuniko cha vali kilikuwa kimefungwa upya kwa gundi ya silikoni kabla sijalinunua gari, na gundi ikiwa mpya huachia silikoni kwenye oili. Ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba silikoni ndiyo inayopatikana kwenye mchanga na vumbi pia, na mashine haitofautishi. Nilichokuja kuelewa baada ya kusoma sana ni kwamba silikoni ya gundi kwa kawaida huja peke yake, haimkwaruzi mtu. Ya vumbi huja na wenzake, chuma na alumini, kwa sababu inasaga njiani. Yangu ilikuwa imekuja na wenzake.

Tukafungua boksi la ea klina, yaani filta ya hewa. Filta ilionekana nzuri, mpya hata. Ila mpira wake ulikuwa umejikunja kwenye kona moja, maana filta yenyewe ilikuwa ndogo kidogo kuliko kiti chake, na mwenye gari wa kwanza alikuwa ameiwekea tu. Nikapitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande unaotakiwa kuwa safi. Kikatoka na unga wa kahawia laini kama poda. Fundi akakitazama, hakucheka tena. Tukasafisha bomba, tukaweka filta ya saizi yake. Sampuli ya pili, baada ya kilomita zinazokaribiana na za kwanza: silikoni 14, chuma 17, alumini 5. Injini ingeendelea kula vumbi hilo taratibu, na mimi ningekuja kulijua siku imeanza kumaliza oili.

Kipimo cha tatu, gari lilelile: hakuna jipya. Pesa imekwenda.

Cha nne kilikuwa cha gari la mke wangu, ambalo kazi yake ni safari fupi fupi. Oili ni ya daraja la 30, ambayo mnato wake kwenye nyuzi 100 hauanzii chini ya 9.3. Yake ilisoma 8.7, na maabara wakaandika kwamba kuna petroli imeingia na kuifanya nyepesi. Ndivyo inavyokuwa injini isipopata muda wa kupata moto sawasawa na kuivukiza petroli hiyo itoke. Tiba? Badilisha oili mapema. Kitabu cha gari, kwenye ukurasa wa servisi, kinasema hivyohivyo kwa wenye safari fupi. Nililipa kuambiwa kitu kilichokuwa kwenye droo ya dashibodi siku zote.

Kipimo hiki kilianzia kwenye treni za dizeli za Marekani miaka ya 1940, na huko hesabu inakubali. Sampo ya kichwa cha treni inabeba mamia ya lita, kwa hiyo kujua kwamba oili bado inafaa ni akiba kubwa. Yangu inabeba lita nne. Anayebadilisha kwa wakati, kwa oili inayotakiwa, hana cha kuokoa hapo.

Kingine kisichosemwa na wanaoiuza huduma hii: mashine inaona chembe ndogo ndogo tu. Chenga kubwa za beringi inayomeguka zinaweza kupita bila kuhesabiwa, karatasi ikaja safi na injini iko mbioni kufa. Kwa hiyo siku hizi kila servisi nakata filta kuukuu ya oili, kwa kikata mkebe, si kwa msumeno, maana msumeno wenyewe unamwaga chenga za chuma. Nakamua karatasi yake, naitandaza juani. Sumaku inaokota chuma. Shaba na alumini haizioni, hizo utazijua kwa kumetameta. Bure kabisa.

Nimebakiwa na kichupa kimoja kabatini. Sikitumii kwa ratiba. Siku nitakayoona maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone, hapo nitakijaza, kwa sababu kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ikivujia kwenye oili, sodiamu na potasiamu zake huonekana kwenye karatasi kabla oili haijageuka rangi ya maziwa.