Kipima unyevu kilichonionyesha kuvu inakotokea

Habari zenu, karibuni tena. Leo boksi halifunguliwi mbele yenu, nimeshindwa kusubiri, nimelifungua juzi. Hiki hapa. Kipima unyevu wa hewa, kadogo, kanaenea kiganjani. Joto kinapima, saa kinayo, hayo mnayajua, tuyaruke.

Nataka muone kitufe hiki cha nyuma. Kumbukumbu! Ukikibonyeza kinakupa namba ya juu kabisa na ya chini kabisa tangu ulipokifuta. Ngoja nisogeze kamera. Hapa mezani, katikati ya chumba, 61%. Si pazuri, kwa sababu ndani ya nyumba inashauriwa usivuke 60, na ukiweza ukae kati ya 30 na 50. Haya, twende nyuma ya kabati. Kipima cha pili kama hiki nimekiegemeza ukutani huku tangu jana asubuhi. Nakitoa taratibu… 74. Nabonyeza kumbukumbu… 83! Jamani, chumba ni hikihiki! Ukuta huu una ubaridi, hewa ikiufikia inapoa na unyevu unapanda, halafu kabati limebanwa, hakuna upepo unaopita. Miezi yote nafua nguo upya kwa ile harufu, kumbe kuvu imejificha hapa. Oneni vidoa hivi vyeusi, vimefuata mstari wa kabati.

Mpangaji mwenzangu, hapa ndipo kinapokufaa. Nilipolalamika mara ya kwanza niliambiwa sifungui madirisha. Nikafungua. Jana baada ya mvua nimeacha wazi saa nzima, mezani pakapanda kutoka 61 hadi 70. Nje kukiwa na unyevu kuliko ndani, dirisha linakuingizia. Sasa kila asubuhi napiga picha ya namba, namtumia mwenye nyumba. Amekubali kuleta fundi aangalie bomba lililopita ndani ya ukuta huu.

Mtaniuliza, kinasema kweli? Chukua chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Changu kimesoma 73, nimeridhika. Nilinunua na kipima kingine cha kuunganisha na simu, hicho kimesoma 68, tena kilitaka nijisajili kwanza ndipo kinionyeshe namba. Nimekirudisha dukani, na bei yake ilikuwa mara tatu ya hiki! Ila hiki nacho hakina taa, usiku lazima umulike, hilo limeniudhi.

Video ya mashine za kukausha hewa inakuja wiki ijayo, nataka kupima maji zinayokusanya kwa siku saba kamili. Vile vidogo visivyo na kompresa, ile pampu ya kupoza kama ya friji, msinunue kwanza, nawaomba. Changu kutwa nzima hakijajaza hata kikombe.

Na wewe uliyeniandikia kwamba unachanganya dawa ya klorini na siki kusugulia ukuta, acha leoleo. Inatoa gesi ya sumu, na chumba chenyewe umeshasema hakina dirisha.

Haya, kabati nimelivuta, nimeacha nafasi ya kiganja kizima. Kipima nakirudisha palepale. Nafuta kumbukumbu… imefutika. Kesho saa moja asubuhi nitawawekea namba.